Kabla Hujabadilisha Jiko: Bei Unayotajiwa na Bei Utakayolipa

Mahindi yakishavunwa na kukauka, kati ya Novemba na Januari, pesa huonekana Moi's Bridge, Uasin Gishu. Malori hupanga foleni nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, madalali hupita mashambani na mizani zao, na nyuma yao huja watu wa kuuza: mabati, sola, simu, matangi ya maji, na majiko. Mwuzaji wa jiko anayebisha hodi anajua mambo mawili kukuhusu. Anajua una pesa sasa, na anajua kwamba mbegu na mbolea za Machi zitakapokwisha kununuliwa hutakuwa nazo. Kwa hiyo ana haraka. Wewe huna sababu ya kuwa nayo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuondoa jiko la zamani nyumbani na kuweka jipya, liwe la kuni lenye dohani, la makaa, la gesi au la stima. Haukuambii jiko lipi ni bora kuliko yote, kwa sababu jibu linategemea unapika nini, kwa watu wangapi na kwa moto wa nini. Unahusu bei na maneno yanayouzia bei hiyo. Na kama utakumbuka jambo moja tu, likumbuke hili: usijadili bei ya kifaa. Jadili bei ya jiko likiwaka jikoni mwako.

Kwa nini bei ya jiko hupotosha

Jiko haliuzwi kama sukari. Bei yake imekatwa vipande, na mwuzaji hukutajia kipande kilicho kidogo. Ukiambiwa bei ya meko ya gesi, uliza kama ni pamoja na mtungi, gesi iliyomo, kichomeo na grili ya kuwekea sufuria. Ukiambiwa bei ya jiko la mabamba mawili, uliza kuhusu mpira, regyuleta na klipu. Ukiambiwa bei ya jiko la kuni la kujengwa, uliza nani ananunua matofali, saruji na bomba la dohani, na nani analipa bodaboda wa kuvileta. Fundi anaweza kutaja ujira wake peke yake, nawe ukadhani umetajiwa jiko.

Kipande kingine ni gesi yenyewe. Kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya kupikia haimo katika tangazo hilo. Kila duka hujipangia, na maduka mawili yanayotazamana barabarani yanaweza kutofautiana kwa mtungi uleule. Mwenye duka akikuambia bei ni ya serikali, si kweli. Akilaumu ushuru wa VAT, fahamu historia yake: gesi ilitozwa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaondoa mzigo huo.

Halafu kuna hesabu ya akiba. Karibu kila jiko jipya huuzwa kwa ahadi kwamba litapunguza gharama ya moto kwa nusu au zaidi. Ahadi hiyo imepigiwa hesabu ya mtu wa Nairobi au Eldoret mjini, anayenunua makaa kwa mkebe kila siku. Wewe wa Moi's Bridge huenda unapika kwa magunzi ya mahindi kuanzia Desemba hadi yaishe, kisha kwa matawi ya mikaratusi na migrevilia iliyo kwenye mpaka wa shamba. Mtu asiyenunua kuni hawezi kuokoa pesa za kuni. Anachoweza kuokoa ni macho, mapafu, na saa za kutafuta na kupasua, na hivyo vina thamani kubwa sana. Naamini vinastahili kulipiwa. Lakini vilipie kwa jina lake. Usikubali kuchukua mkopo utakaolipwa na akiba ambayo haipo.

Hatua ya 1: Uliza kama jiko lako limekufa kweli

Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lina sehemu mbili: bati la nje na chungu cha ndani. Chungu hupasuka mapema, bati hubaki. Mafundi wa jua kali huuza chungu peke yake na kukiweka kwa saruji kidogo. Anayeuza majiko mapya hana sababu ya kukuambia hivyo.

Gesi ikitoa moto wa manjano unaochafua sufuria, mara nyingi kichomeo kimeziba kwa uji uliomwagika. Kioshe, zibua matundu, jaribu tena. Harufu ya gesi mara nyingi hutoka kwenye mpira au regyuleta, vitu vinavyobadilishwa bila kugusa jiko. Jiko la kuni lililoanza kurudisha moshi ndani huwa limejaa masizi kwenye dohani. Na wale waliojenga chepkube, jiko la udongo la Wanandi linalokaa imara ukutani, wanajua kwamba ufa mwingi huponywa kwa udongo na mikono ya nusu siku.

Ita fundi asiyeuza majiko. Mlipe ujira wa kuangalia tu, na mwambie mapema kwamba hutanunua chochote kwake. Ukisikia gharama ya kutengeneza imefika nusu ya bei ya jipya, na kifaa kimekwisha kuzeeka, hapo badilisha.

Hatua ya 2: Pima mapishi yako kabla ya kupima pesa zako

Kosa la kununua jiko dogo ni la kawaida zaidi kuliko kosa la kununua bovu. Andika: nyumba ina watu wangapi siku ya kawaida, na wangapi watoto wakifunga shule? Sufuria yako kubwa ina upana gani? Unachemsha githeri na maharage mara ngapi kwa wiki?

Ugali ndio mtihani wenyewe. Kusonga ugali wa watu wanane ni kazi ya mikono miwili na bega. Meko ya mtungi wa kilo 6, ambayo sufuria hukaa juu kabisa ya mtungi, haikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Inaweza kuyumba na kuanguka pamoja na maji ya moto. Nyumba yenye watu wengi inahitaji jiko linalokaa chini au juu ya meza imara, mtungi ukiwa pembeni. Nenda dukani na sufuria yako. Iweke juu ya jiko, ushike mwiko, usukume kama unavyosukuma nyumbani. Mwuzaji mzuri atakushikia sufuria. Anayekasirika, mwache na jiko lake.

Hatua ya 3: Tafuta bei tatu zilizoandikwa

Moja uipate Moi's Bridge, nyingine Matunda, ya tatu Kitale. Kwa jiko la bei kubwa, ongeza Eldoret. Weka nauli na usafirishaji kwenye hesabu, maana tofauti ya shilingi mia tano inaweza kumezwa na matatu pamoja na bodaboda. Bei ya mdomo haihesabiki. Ikiwa mwenye duka hana fomu, toa daftari lako, andika mwenyewe, mwombe atie sahihi na muhuri.

KISANDUKU: KARATASI YA BEI IWE NA HAYA
☐ Jina la kifaa, kampuni iliyokitengeneza, namba ya modeli
☐ Bei ya kifaa peke yake
☐ Kila kifaa cha kuunganishia na bei yake: mpira, regyuleta, klipu, bomba, kofia ya dohani
☐ Ujira wa fundi, na nani anamlipa
☐ Usafiri hadi nyumbani, si hadi stejini
☐ Gesi au kuni za kwanza: zimo au hazimo
☐ Jumla ya taslimu
☐ Jumla ya kulipa pole pole hadi shilingi ya mwisho
☐ Waranti: miezi mingapi, sehemu zipi, unaipeleka wapi
☐ Bei hii ni halali hadi tarehe gani

Kuandika kunasaidia kwa sababu nyingine. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inasema anayekupa makadirio ya bei hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa mmekubaliana upya juu ya kazi mpya. Fundi wa dohani akianza kuongeza bei bati likiwa limekwisha kutobolewa, karatasi ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

Ukiwa na bei tatu mkononi, usikimbilie ya chini. Zipange kando kando na utafute kilichokosekana. Mara nyingi ya chini imeacha kitu: mpira, usafiri, au waranti. Ijaze, kisha ulinganishe tena.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya lipa pole pole hadi mwisho

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kampuni za Kenya zilizoanza kuuza sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa, M-KOPA ikiwa mojawapo ya za kwanza mapema miaka ya 2010, ziliwafikia watu ambao benki hazikuwafikia. Mtindo huo sasa unauza simu, runinga, majiko na hata gesi. Si mtindo mbaya. Ubaya ni kuuchukua bila kujua jumla.

Chukua namba za mfano, si za kampuni yoyote. Jiko ni shilingi 10,000 taslimu. Kwa kulipa pole pole, unatoa 1,000 ya kwanza, kisha 50 kila siku kwa siku 280. Hamsini ni bei ya kikombe cha chai na mandazi hotelini. Ndiyo maana ajenti hukutajia hiyo. Zidisha:

50 × 280 = 14,000
14,000 + 1,000 = 15,000

Umelipa 5,000 zaidi, yaani nusu ya bei ya jiko. Sasa geuza. Ungeweka shilingi 1,000 hiyo ya kwanza na 50 zile zile kila siku kwenye chama au akaunti usiyoigusa, ungefikisha 10,000 baada ya siku 180. Miezi sita, na jiko ni lako siku hiyo bila deni. Siku 100 zinazobaki ndizo unazomlipa mwuzaji kwa sababu hukusubiri. Pengine inafaa, kwa mfano mtoto ana pumu na moshi unamwumiza sasa hivi. Uamuzi ni wako, lakini uufanye ukiwa unaijua namba.

Kwa mkulima kuna swali la pili, nalo halimo katika mafunzo ya ajenti: kalenda. Malipo ya kila siku yametengenezwa kwa mtu anayepata pesa kila siku, kama mwendesha boda au mama wa mboga. Pesa ya mahindi huja mara moja kwa mwaka. Januari ina karo, Machi na Aprili zina mbegu na mbolea, Juni na Julai ghala linakaribia kuwa tupu. Shilingi 1,500 kwa mwezi ni ndogo Desemba na ni mlima Julai. Uliza kama unaweza kulipa kwa msimu: kiasi kikubwa baada ya mavuno, kidogo au bila kitu miezi ya kupalilia. Kampuni nyingine hukubali, na nyingine hutoa punguzo ukimaliza deni mapema. Hazisemi mpaka uulize.

Uliza haya na uandikiwe majibu:

1. Nikichelewa, kinatokea nini? Kifaa kinazimwa? Faini ni kiasi gani? Siku za kuzimwa zinaongezwa mwishoni?
2. Mnanichukulia jiko baada ya siku ngapi, na pesa nilizolipa zinakwenda wapi?
3. Jina langu litapelekwa kwa ofisi za kumbukumbu za mikopo?
4. Nikimaliza leo kwa mkupuo, napunguziwa kiasi gani?
5. Jiko likiharibika ndani ya waranti, naendelea kulipa?

Kama mkataba ni wa ununuzi wa awamu, ule watu wanaouita haya-pachesi, Sura ya 507 ya sheria za Kenya inakulinda kwa namna mbili. Mwuzaji lazima akuandikie bei ya taslimu kabla hujatia sahihi. Na ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya awamu, hawezi kuja kukuchukulia kifaa hivi hivi. Ni lazima aende mahakamani. Katika mfano wetu, theluthi mbili ni 10,000. Weka ujumbe wote wa M-Pesa mpaka umalize, na miaka kadhaa baadaye.

Daima lipa kwa namba ya kampuni, Paybill au Till inayoonyesha jina la kampuni kabla ya kuweka namba ya siri. Usitume pesa kwa simu ya ajenti hata kama unamjua, hata kama ni mtoto wa jirani. Na msimbo unaoingia kwenye simu yako usimsomee mtu mpaka umeelewa unathibitisha nini. Kwa mikataba ya simu, msimbo huo unaweza kuwa ndio sahihi yako.

Hatua ya 5: Yajue maneno ya mwuzaji

"Mama, hii bei ni ya leo tu." Kama ni ya leo tu, aandike hivyo kwenye karatasi ya bei pamoja na sababu. Kisha ulale ukiifikiria. Kanuni yangu ni ngumu na siilegezi: hakuna jiko linalonunuliwa siku liliposikika kwa mara ya kwanza.

"Serikali inapiga marufuku kuni." Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma ilitangazwa Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023. Ilihusu misitu ya serikali. Haikugusa magunzi yako.

"Mwenyekiti wa chama chenu ameshachukua." Huenda amechukua, na huenda anapata kitu kwa kila mwanachama atakayefuata. Mwulize waziwazi mbele ya wenzenu. Si aibu, ni pesa za watu.

"Nipe kitambulisho tu, tuone kama unafaa." Kabla hujakitoa, uliza kama kuangalia huko kunafungua mkopo. Picha ya kitambulisho chako inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Una haki ya kujua inakwenda wapi na kwa kazi gani.

"Baki nalo kwanza, mzee, utalipa ukipenda." Kifaa ulicholetewa bila kukiomba hakikupi deni kwa mujibu wa Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Lakini ukianza kukitumia na kutuma hata shilingi mia, mwuzaji anaweza kudai kwamba umekubali. Kiache mlangoni, piga simu waje wakichukue, andika tarehe.

"Ni karibu bure, kuna wafadhili." Hapa simama kidogo. Baadhi ya majiko huuzwa kwa bei ya chini sana kwa sababu kampuni inauza hati za kaboni: moshi ambao jiko lako linapunguza hupimwa, huhesabiwa na kuuzwa kwa makampuni ya ng'ambo. Ni biashara halali, na Kenya iliiwekea kanuni mwaka 2024. Nadhani wengi wakiijua wataikubali. Ila fomu unayotia sahihi kwa kawaida ina kifungu cha kumpa mwuzaji haki ya kaboni hiyo, na pengine cha kuruhusu watu waje nyumbani kukagua. Kisome. Uliza kama unaweza kuendelea kutumia jiko la zamani, kwa kuwa nyumba nyingi hutumia mawili, na useme ukweli wakija kukagua.

Mwuzaji anayekutembelea nyumbani ana nguvu kuliko wa dukani, kwa kuwa huwezi kuondoka. Nchi nyingi zimeliona hilo. Ndugu zetu walio Marekani wana siku tatu za kazi za kufuta mkataba uliofanyiwa nyumbani. Sheria yetu ya 2012 nayo inatambua mikataba ya nje ya duka na inampa mnunuzi muda wa kufuta bila kutoa sababu, ukihesabiwa kuanzia anapopokea nakala ya maandishi. Ndiyo maana usiruhusu ajenti aondoke bila kukuachia nakala. Mwambie aandike juu yake tarehe na siku ya mwisho ya kufuta.

Kwa anayehamia gesi

Kitu kinachonunuliwa ni kilo za gesi, na kilo hupimwa. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye shingo au mkono wa mtungi. Ukisoma kilo 6.8, mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima uwe 12.8. Dai upimwe mbele yako kabla ya kulipa. Mizani ya magunia ya mahindi haifai, maana haioni gramu mia tatu. Nunueni mizani ndogo ya kuning'iniza, hata kama ni ya chama kizima. Plastiki ya kufunga mdomo peke yake haithibitishi kitu.

Kanuni za gesi za mwaka 2019 zilimaliza utaratibu wa zamani wa kubadilishana mitungi ya kampuni zote kiholela. Mtungi hujazwa na mwenye chapa au aliyempa idhini ya maandishi. Kwa hiyo kabla ya kununua mtungi wa chapa yoyote, zunguka Moi's Bridge uone maduka mangapi yanaubadilisha. Mtungi wa bei ya chini unaobadilishwa Eldoret pekee utakula akiba yako kwa nauli.

Anayekujazia kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo nyuma ya duka, mkimbie. Usiku wa 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, katika kituo ambacho EPRA ilisema kilikuwa kimenyimwa kibali. Watu walikufa na wengine zaidi ya mia mbili wakajeruhiwa.

Kagua regyuleta ikikaa kwenye mtungi wako ukiwa bado dukani. Ukifika nyumbani, paka maungio maji ya sabuni. Povu likitokeza, funga na urudishe. Kamwe usijaribu kwa kiberiti.

Kwa anayejenga jiko la kuni lenye dohani

Mwombe fundi akuonyeshe majiko mawili aliyoyajenga zaidi ya mwaka uliopita, na uongee na wapishi, si na baba wa nyumba. Uliza kama bati linavuja pale dohani inapopita. Mvua za Moi's Bridge hazisamehi tundu. Mlipe kwa awamu tatu: vifaa, kazi ikifika nusu, na ya mwisho baada ya kupika mara tatu bila moshi kurudi ndani. Fundi anayetaka zote mwanzoni hutamwona tena kirahisi.

Kwa anayefikiria stima

Jiko la stima la presha hupika maharage kwa umeme mdogo kuliko unavyodhani. Angalia tu bendi yako ya bei ya stima: tangu Aprili 2023, nyumba zinazotumia yuniti 30 au chini kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa kwa kila yuniti, zile za hadi 100 hulipa zaidi, na zaidi ya hapo zaidi tena. Jiko jipya linaweza kukupandisha bendi, na gharama ya taa zako nayo ikapanda. Mwulize mwuzaji yuniti ngapi kwa kuchemsha kilo moja ya maharage. Kama hana jibu, aliwashe mbele ya mita.

Alama, waranti na siku ya kupokea

Tafuta alama ya ubora ya KEBS na namba iliyo chini yake. Tuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwa 20023; jibu litakuambia ni ya kampuni gani na bidhaa gani. Majina yasipolingana, rudisha.

KISANDUKU: SIKU YA KUPOKEA
☐ Washa na upike chakula halisi kabla fundi hajaondoka
☐ Piga picha ya namba ya kifaa, risiti na jiko likiwaka
☐ Risiti ina jina la duka, tarehe, na kila kipande kilichokuwa kwenye karatasi ya bei
☐ Waranti imetiwa muhuri leo, si "utaipitia baadaye"
☐ Namba ya huduma ya kampuni imejaribiwa, na mtu amepokea
☐ Jiko la zamani limebaki kwako angalau mwezi mmoja

Hilo la mwisho wauzaji hawalipendi, hasa wanaokupunguzia bei kwa kuchukua la zamani. Mtungi ukiisha Jumapili usiku au kifaa kikizimwa kwa deni la siku mbili, watoto watakula kwa jiko la zamani. Na liogope zaidi jiko linalotumia fueli ya kampuni moja tu: kampuni hiyo ikifunga duka, unabaki na chuma.

Ukishadhulumiwa

1. Rudi dukani na karatasi ya bei na risiti. Sema unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Toa siku saba, kwa maandishi.
2. Kilo za gesi zikipungua, nenda kwa maofisa wa vipimo na mizani wa kaunti. Mtungi haramu, peleka kwa EPRA. Alama bandia, KEBS. Matangazo ya uongo na mikataba ya kunyonya, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kitambulisho chako kikitumika vibaya, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.
3. Kwa deni au hasara isiyozidi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Unaweza kujisimamia bila wakili. Uliza masjala ya mahakama ya Eldoret au Kitale kesi yako ifunguliwe wapi.
4. Kabla hujapanda matatu, hakikisha kaunti. Moi's Bridge iko Uasin Gishu, lakini Trans Nzoia iko ng'ambo ya mpaka tu, na upande wa Matunda unaweza kujikuta umenunua ndani ya Likuyani, Kakamega. Soma anwani iliyo kwenye risiti: malalamiko ya vipimo na leseni hupelekwa kwa kaunti ambamo duka limesimama, hata kama wewe unalala kaunti nyingine.